Sauti ya Nchi na Sauti ya Dola: Mwitiko wa Umma wa Kisumu na Mwambao wa Ziwa kwa Madai na Uvamizi wa Idi Amin, 1976–1979

1.0 Utangulizi

Tarehe 15 Februari 1976, Rais Idi Amin wa Uganda alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi na ya kati ya Kenya, hadi kiasi cha kilomita 32 kutoka Nairobi, pamoja na eneo la kusini mwa Sudan, zilikuwa ardhi za Uganda kihistoria. Miaka miwili na miezi minane baadaye, mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi yake yalivuka mpaka wa Tanzania na kuikalia ardhi yote iliyo kaskazini mwa mto Kagera. Mji wa Kisumu na mwambao wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya ulikuwa ndani ya dai la kwanza na nje ya uvamizi wa pili. Katika tukio la kwanza wakazi wake walikuwa wenye kudaiwa. Katika la pili walikuwa majirani wa mwenye kuvamiwa.

Makala haya yanachunguza jinsi umma wa eneo hilo ulivyoyapokea matukio hayo mawili. Tofauti iliyopo ni dhahiri. Mwaka 1976 kulikuwa na mikutano ya hadhara, maandamano na laana zilizotolewa kwa sauti ya juu nchini kote. Mwaka 1978, dhalimu yuleyule alipotenda kwa bunduki kile alichokuwa amekisema tu kwa maneno, mitaa ilinyamaza. Msomaji wa haraka anaweza kuhitimisha kwamba watu walijali mpaka wao na wala hawakumjali jirani. Hoja ya makala haya ni kwamba hitimisho hilo linachanganya mambo mawili ambayo hapana budi yatenganishwe: hisia za umma na ruhusa ya kuzitamka. Mwaka 1976 sauti ya nchi na sauti ya dola zilitamka neno moja, na kwa hiyo ikawa vigumu kuzipambanua. Mwaka 1978 dola ilichagua kutoegemea upande wowote, na sauti ya nchi ikalazimika kutafuta vyombo vingine. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kazi ya mhakiki ni kuutafuta mshindo huo pale ulipo.

Neno "umma" linatumika hapa kwa tahadhari. Mvuvi, mfanyakazi wa reli, mchuuzi wa sokoni, mwalimu mkimbizi na mbunge hawakuwa na masilahi mamoja, wala hawakulipokea jina la Amin kwa namna moja.

2.0 Ukurasa wa 1902

Dai la Amin lilikuwa na kiini cha ukweli, na hilo ndilo lililolifanya kuwa hatari. Reli iliyoanzwa kujengwa Mombasa mwaka 1896 iliitwa Reli ya Uganda kwa sababu ilikusudiwa kufika Uganda. Ilipofika kando ya Ziwa mwezi Desemba 1901, ikaishia mahali palipopewa jina la Port Florence, kwa heshima ya Florence, mke wa mhandisi Ronald Preston, ilikuwa kweli imefika Uganda. Kisumu ya wakati huo ilikuwa katika Jimbo la Mashariki la himaya ya Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902 jimbo hilo likahamishiwa himaya ya Afrika Mashariki, iliyokuja kuwa Kenya. Sababu kuu ilikuwa ya kiutawala: Waingereza walitaka njia nzima ya reli, tangu baharini hadi ziwani, iwe chini ya mamlaka moja. Baadaye, mwaka 1926, mpaka wa majini ulielezwa rasmi kwa mstari unaopita katika visiwa kama Pyramid na Mageta hadi kwenye mlango wa mto Sio.

Kwa hiyo Amin hakubuni ukurasa huo. Aliuchagua. Udhaifu wa hoja yake hauko katika tarehe bali katika mambo matatu. Kwanza, ukurasa wa 1902 unathibitisha ni ofisa yupi wa Kiingereza aliyekusanya kodi Kisumu, wala hauthibitishi watu wa Kisumu walikuwa wa nani. Pili, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umekwisha kuamua, katika mkutano wa Cairo wa Julai 1964, kwamba mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru iheshimiwe. Uganda ilikuwa mwanachama. Tatu, na hili ndilo lililo zito zaidi, Uganda yenyewe ilikuwa na kielelezo cha namna bora ya kutatua suala la aina hiyo. Kaunti za Buyaga na Bugangaizi, zilizotwaliwa kutoka Bunyoro na kupewa Buganda na Waingereza, zilirudishwa Bunyoro baada ya kura ya maoni ya Novemba 1964. Huko wakazi waliulizwa. Katika tangazo la 1976 wakazi wa Kisumu hawakuulizwa, kama ambavyo hawakuulizwa mwaka 1902.

Kutoulizwa huko kuna historia ndefu katika mwambao huu. Kenya ilipobadilishwa kutoka himaya kuwa koloni mwaka 1920, tena bila ridhaa ya wenyeji, wasomi wa misheni na wananchi wa Nyanza walikutana Lundha, katika eneo la Gem, mwezi Desemba 1921, na kuanzisha chama cha Young Kavirondo. Watu walikiita chama hicho kwa jina la Kijaluo, Piny Owacho, yaani "nchi imesema". Jina hilo linastahili kuzingatiwa na mwanafunzi wa fasihi. Mtendaji wa kitenzi si chifu, si gavana, wala si chama. Ni nchi yenyewe. Waliokutana Lundha walidai, kwa maneno mawili tu, kwamba ardhi ina kinywa, na kwamba mwenye kuigawa bila kuisikiliza amefanya batili. Kipimo hicho ndicho kinachofaa kutumiwa kwa yaliyotokea miaka 55 baadaye. Suala si nani alipiga kelele mwaka 1976. Suala ni kama ilikuwa nchi iliyosema.

3.0 Februari 1976: Kinywa kimoja, sauti mbili

Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilijibu kwamba haitatoa hata inchi moja ya ardhi ya Kenya. Maandamano na mikutano ya kumlaani Amin ilifanyika katika miji ya Kenya, na makuli wa bandari ya Mombasa walikataa kushughulikia mizigo ya Uganda. Mgomo huo wa Mombasa ulikuwa jibu kali kuliko hotuba zote, kwa kuwa Uganda ni nchi isiyo na bahari na tumbo lake liko bandarini. Kabla ya mwezi kwisha, Amin alikuwa amekwisha kulegeza kauli, akidai kwamba hakukusudia vita.

Kwa watu wa Kisumu, hata hivyo, jibu hilo halikuwa jepesi kama lilivyokuwa kwa wengine. Tarehe 25 Oktoba 1969, miezi mitatu na ushei baada ya kuuawa kwa Tom Mboya jijini Nairobi, Rais Kenyatta alifika Kisumu kufungua hospitali kuu ya Nyanza, iliyojengwa kwa msaada wa Urusi. Kulitokea majibizano makali ya hadharani kati yake na Jaramogi Oginga Odinga, ghasia zikazuka, na walinzi wakaufyatulia risasi umati. Watu kadhaa waliuawa, watoto wakiwamo. Siku chache baadaye chama cha upinzani cha KPU kilipigwa marufuku, na Odinga akawekwa kizuizini hadi 1971. Tangu hapo Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa vitendo, ingawa sheria ya jambo hilo haikutungwa hadi 1982.

Fauka ya hayo, mwaka uliotangulia dai la Amin ulikuwa mchungu. Mwezi Machi 1975 mbunge J. M. Kariuki aliuawa, na mauaji yake yakazua hasira kubwa bungeni na vyuoni. Mwezi Oktoba mwaka huohuo, wabunge Martin Shikuku wa Butere na Jean-Marie Seroney wa Tinderet walikamatwa katika majengo ya bunge na kuwekwa kizuizini bila ya kushtakiwa. Wote wawili walikuwa wawakilishi wa sehemu za magharibi mwa Kenya, zile zile alizozidai Amin. Basi wakati eneo hilo lilipotakiwa liseme kwa sauti moja kwamba ni la Kenya, baadhi ya vinywa vyake vilivyochaguliwa vilikuwa vimefungwa na Kenya.

Kutokana na hali hiyo, yapo maelezo mawili yanayoweza kutolewa kuhusu mikutano ya Februari 1976. Maelezo ya kwanza ni kwamba ilikuwa tamthilia ya dola: serikali iliyokuwa imeyumba baada ya kifo cha Kariuki ilipata adui wa nje, ikawakusanya wananchi na kuwapa maneno ya kusema. Maelezo haya yana nguvu. Katika Kenya ya miaka hiyo mkutano wa hadhara ulihitaji leseni, na wakuu wa wilaya waliitoa au kuinyima watakavyo. Mkutano uliofanyika ni mkutano ulioruhusiwa. Maelezo ya pili ni kwamba ilikuwa hasira ya kweli ya watu waliohofia kutawaliwa na mtu ambaye habari zake zilikuwa zikivuka mpaka kila siku.

Maelezo haya mawili hayapingani kama yanavyoonekana. Kauli ya hadharani huwa na mlengwa zaidi ya mmoja. Mkazi wa Kisumu aliyesema mbele ya umati kwamba yeye ni Mkenya alikuwa akimjibu Amin. Lakini yamkini alikuwa pia akiikumbusha Nairobi. Kauli kwamba "nchi hii ni Kenya nasi ni watu wake" ikitamkwa Nyeri, ni uthibitisho wa jambo lisilo na shaka. Ikitamkwa Kisumu, miaka sita na ushei baada ya risasi za 1969, inakuwa hati ya madai. Inasema: ikiwa hata inchi moja ya ardhi hii haiwezi kutolewa, basi na walio juu ya inchi hiyo wahesabiwe. Dola ilisikia nusu ya kwanza ya kauli hiyo na kuipigia makofi. Nusu ya pili haikujibiwa. Katika uchaguzi wa 1974 Odinga na wenzake wa iliyokuwa KPU walikuwa wamezuiwa kugombea, na walizuiwa tena mwaka 1979.

4.0 Waliorudi, na waliofaidika

Mwezi Julai 1976 suala likatoka katika maneno. Usiku wa kuamkia tarehe 4, makomando wa Israeli waliwakomboa mateka wa ndege ya Ufaransa iliyokuwa imetekwa na kupelekwa Entebbe, na ndege zao zikajazwa mafuta Nairobi zikirudi. Amin aliilaumu Kenya, na Wakenya walioishi Uganda wakaadhibiwa. Inaaminika kwamba mamia waliuawa, na maelfu walikimbia. Kenya nayo ilibana mafuta na kutaka bidhaa zinazopita kwake zilipiwe kwa fedha za Kenya, hadi pande mbili zilipotia saini mapatano jijini Nairobi mwezi Agosti.

Hasara ya mwezi huo haikuanguka sawasawa nchini. Wakenya wengi waliofanya kazi Uganda, katika reli, viwanda vya Jinja na Kampala na mashamba ya miwa, walitoka Nyanza na Magharibi. Njia hiyo ya kazi ilikuwa imekwisha kukatwa mara moja kabla ya Amin: mwaka 1970 serikali ya Milton Obote iliwaondoa wafanyakazi Wakenya wapatao 30,000. Jambo hili lina uzito katika hoja. Watu wa mwambao walijua kutokana na maisha yao kwamba mtu anaweza kufukuzwa na serikali ya kiraia kama anavyofukuzwa na ya kijeshi. Kilichomtofautisha Amin machoni pao ni kwamba waliofukuzwa mwaka 1970 walirudi na masanduku yao, ilhali mwaka 1976 baadhi hawakurudi kabisa. Aidha, wasemaji wa Kijaluo waliona udugu wa lugha na Waacholi na Walango, ambao askari wao walichinjwa kambini mara baada ya mapinduzi ya Januari 1971. Majina ya waliouawa huko yalifanana na majina ya nyumbani.

Lakini ni wajibu wa mwanahistoria kuutazama na upande wa pili wa mizani. Barafu iliyoteketeza mibuni ya Brazil mwezi Julai 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani kote, na kwa kuwa shilingi ya Uganda ilikuwa imeporomoka, kahawa ya Uganda ikaanza kuvuka mpaka usiku. Soko la Chepkube karibu na Mlima Elgoni lilipata umaarufu na wengi wakatajirika. Ziwani nako mitumbwi ilivusha kahawa huku ikirudisha sabuni, chumvi na sukari, na Amin alimweka Mwingereza Bob Astles kupambana na wasafirishaji hao. Neno "magendo" likawa la kila siku pande zote mbili za mpaka. Njaa ya sabuni ya Uganda ilikuwa faida ya mfanyabiashara wa Kenya. Kwa hiyo mwitikio wa mwambao ulikuwa na ndimi mbili: maombolezo ya nyumba iliyopoteza mtoto Jinja, na hesabu za nyumba ya pili iliyoezekwa mabati kwa fedha za kahawa ya Jinja. Mhakiki anayetaka umma ulio safi hataupata hapa.

5.0 Kagera: Kimya cha 1978

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yalivamia kaskazini-magharibi mwa Tanzania, yakapora ng'ombe na mali, yakaua raia na kulibomoa daraja la Kyaka. Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kwamba ardhi hiyo, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,800 hivi, imekuwa sehemu ya Uganda. Siku iliyofuata Mwalimu Julius Nyerere aliwaambia Watanzania kwamba sababu ya kumpiga adui huyo wanayo, uwezo wanao na nia wanayo. Katika vita vilivyofuata, Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979.

Kenya haikuingia. Mzee Kenyatta alikuwa amefariki tarehe 22 Agosti 1978, na Rais Daniel arap Moi aliapishwa rasmi katikati ya Oktoba, wiki mbili tu kabla ya uvamizi. Uhusiano na Tanzania ulikuwa mbaya: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, mpaka wa nchi hizo mbili ulikuwa umefungwa tangu Februari mwaka huo, nao haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Serikali ya Nairobi ilihimiza amani na kushika msimamo wa kutoegemea upande wowote. Dola ilikuwa haina mkutano wa kuitisha, na asiyekuwa dola hakuwa na leseni ya kuitisha mkutano.

Hapo ndipo kimya cha 1978 kinapopata maana yake. Hata hivyo, kukieleza kwa hofu peke yake hakutoshi. Sababu nyingine tatu zinapaswa kutajwa. Ya kwanza ni matumaini. Tarehe 12 Desemba 1978, vita vikiwa vinaendelea, Rais mpya aliwaachilia huru watu wote waliokuwa kizuizini bila ya kushtakiwa, wakiwamo Shikuku, Seroney na mwandishi Ngugi wa Thiong'o. Kwa miezi ile wengi waliona kwamba mlango ulikuwa unafunguliwa nyumbani, na mwenye kutarajia mlango ufunguliwe haupigi mateke. Ya pili ni kwamba vita vile havikuwa vya demokrasia dhidi ya udikteta kwa maana nyepesi. Tanzania nayo ilikuwa ya chama kimoja. Kilichoipambanua si wingi wa vyama bali ni kwamba kiongozi wake aliweza kuwaeleza wananchi sababu za vita kwa lugha yao, nao wakazielewa. Ya tatu ni jiografia ya udugu. Wajaluo wa Kenya wana ndugu zao upande wa Tanzania, katika iliyokuwa wilaya ya Mara Kaskazini. Kwao, Tanzania haikuwa nchi ya kigeni inayovamiwa bali ilikuwa ukoo ulioko ng'ambo ya ghuba. Huzuni ya ukoo haihitaji uwanja wa mikutano. Huisikiliza redio, hutuma mtu, hupokea mgeni.

Redio ndiyo iliyokuwa uwanja wa umma wa miezi hiyo. Matangazo ya Kiswahili kutoka Dar es Salaam hayakusimama kwenye mpaka uliofungwa. Magari yalizuiliwa Namanga na Sirari, lakini habari za kutekwa Masaka, kisha Mbarara, zilivuka bila ya kibali. Kiswahili, ambacho siasa za miaka hiyo zilikuwa zikikigawa kati ya "cha Tanzania" na "cha Kenya", kilifanya kazi ambayo Jumuiya iliyovunjika haikuweza kuifanya tena.

6.0 Vyombo vya fasihi

Ikiwa uwanja ulifungwa, fasihi ilifanya nini? Jibu linaonekana vizuri zaidi kwa kulinganisha pande mbili za mpaka.

Tanzania ilitoa maandishi yaliyomtaja adui kwa jina. Baldwin Mzirai alichapisha Kuzama kwa Idi Amin mwaka 1980, na Henry Muhanika akachapisha Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada mwaka 1981. Uteuzi wa utanzu katika kazi hii ya pili si wa bahati. Utenzi ndio chombo cha kale cha vita katika Kiswahili. Inaweza kudhaniwa kwamba Muhanika alikipata chombo hicho kwa sababu upande wake ulishinda. Dhana hiyo haisimami. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga utenzi wa Maji Maji, na katika vyote viwili walioimbiwa ni walioshindwa. Kinachoupa utenzi wa vita uhalali wake ni umiliki wa tukio: msanii husema kwa niaba ya "sisi" iliyopigwa au iliyopiga. Mwambao wa Kenya haukuwa na "sisi" hiyo katika Kagera. Waliokufa walikuwa ndugu zao, lakini vita havikuwa vyao kuviimba.

Kwa hiyo fasihi iliyokuwa karibu nao ilichukua njia ya mzunguko, na tanzu iliyoibeba zaidi ni tamthilia. Francis Imbuga, mzaliwa wa magharibi mwa Kenya, alichapisha Betrayal in the City mwaka huohuo wa 1976, na mwaka uliofuata tamthilia hiyo ikaiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC jijini Lagos, pamoja na The Trial of Dedan Kimathi. Baadaye ilisomwa pia kwa Kiswahili kama Usaliti Mjini. Mandhari yake ni nchi ya kubuni iitwayo Kafira, ambayo wahakiki wengi wameona kwamba jina lake ni Afrika iliyovurugwa herufi. Inaanza kaburini, pa mwanafunzi aliyeuawa katika maandamano, na mapema tu dola inawakataza wazazi wake kufanya ibada ya matanga kwa kisingizio cha kulinda amani. Inakwisha kwa wafungwa wanaotayarisha mchezo wa kumburudisha mgeni wa kitaifa, na mchezo huo unageuka kuwa mapinduzi ya kweli.

Mtazamaji wa Kenya wa 1976 alikuwa na jina tayari la kumpa mtawala wa Kafira: Amin. Hapo ndipo penye faida na hatari ya tamthilia hiyo. Jina la Amin liliifanya iweze kuonyeshwa; lilikuwa kama kibali cha kupitia kizuizini. Lakini kaburi lililokatazwa matanga halikuhitaji kuvuka mpaka ili lieleweke. Mtu aliyekumbuka Oktoba 1969 hakulazimika kwenda Kampala kutafuta Kafira. Dhalimu wa jirani akawa pazia ambalo nyuma yake mambo ya nyumbani yaliweza kujadiliwa. Wapo wanaoshikilia kwamba Kafira ni Uganda tu, na kwamba kuiona Kenya ndani yake ni kumpachika mwandishi maneno. Jibu ni kwamba kazi yenyewe haikutaja nchi yoyote, na kazi isiyotaja nchi huiachia hadhira uhuru wa kuitaja. Uhuru huo ndio uliokosekana uwanjani.

Mchango wa Waganda waliohamia Kenya nao haufai kusahauliwa. Kabla ya Amin, Okot p'Bitek, alipoondolewa katika Kituo cha Utamaduni cha Kampala, alikuja kufanya kazi Kisumu na kuandaa Tamasha la Sanaa la Kisumu mwaka 1968. Mwacholi huyo hakuhitaji mkalimani miongoni mwa Wajaluo. John Ruganda, aliyefundisha Nairobi na kuongoza michezo ya kuzunguka nchi, alichapisha The Floods mwaka 1980. Tamthilia hiyo inaliweka Ziwa lenyewe katikati: maji yaliyokuwa njia na riziki yanakuwa mahali pa kufichia maiti, na mashua ya kuokoa watu inageuka mtego. Kwa msomaji wa mwambao, hii si sitiari iliyotoka mbali. Uganda inamiliki zaidi ya asilimia 40 ya Ziwa na Kenya kiasi cha asilimia 6, lakini maji hayana ukuta. Mvuvi anayeliogopa jarife lake kwa sababu hajui litapandisha nini ni mvuvi wa pande zote mbili.

Tofauti ya tanzu, basi, ni tofauti ya ruhusa na ya umiliki, wala si tofauti ya uchungu. Aliyemiliki vita alitunga utenzi na kutaja majina. Aliyevitazama kutoka ng'ambo, chini ya dola isiyotaka litajwe jambo, alitunga Kafira.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mwitikio wa umma kwa dhalimu wa jirani hauwezi kupimwa kwa wingi wa maandamano. Maandamano ya Februari 1976 yalikuwa ya kweli na yalikuwa ya dola kwa wakati mmoja, na ndani yake watu wa Kisumu walipata nafasi adimu ya kudai uraia wao mbele ya kadamnasi bila ya kupigwa risasi. Kimya cha 1978 na 1979 hakikuwa ridhaa. Kilikuwa mchanganyiko wa katazo, matumaini, faida ya magendo na huzuni ya kifamilia, na mshindo wake ulisikika redioni na jukwaani.

Miezi saba baada ya Kampala kutekwa, mwezi Novemba 1979, Wakenya walipiga kura. Dhalimu alikuwa amekimbia, na magazeti yalikuwa yamekwisha kuusifu ukombozi wa Uganda. Lakini wapiga kura wa mwambao hawakuruhusiwa kumchagua Odinga. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, husema Waswahili. Wakazi wa mwambao walikuwa wametia maji siku nyingi, lakini wembe haukuwa mikononi mwao.

Mzozo wa kisiwa cha Migingo, uliopamba moto mwaka 2009, ulionyesha kwamba mstari wa 1926 bado una uwezo wa kuwaamsha watu. Kisiwa hicho hakifiki hata ekari moja, lakini kwa wiki kadhaa kilikuwa kipimo cha heshima ya taifa zima. Katika kelele hizo zilisikika tena sauti mbili katika kinywa kimoja: sauti ya dola juu ya ramani, na sauti ya wavuvi juu ya nyavu, samaki na kodi wanazotozwa na askari. Waliokutana Lundha mwaka 1921 waliacha kigezo cha kuzipambanua sauti hizo. Dola husema ardhi ni ya nani. Nchi, inaposema, huuliza walio juu ya ardhi hiyo wanaishi vipi. Uhakiki wa maandishi na matukio ya mwambao wa Ziwa utakuwa umefanya kazi yake ikiwa utaweza kusikia swali hilo hata mahali ambapo ni jibu la dola tu lililohifadhiwa.